Kantangaze na redio isiyosikilizwa

Leo nina hasira na redio.

Wikiendi nilikuwa nyumbani Ngarenanyuki, kule nyuma ya Mlima Meru, nyanya nje nje. Saa 4 asubuhi kikaanza kipindi cha kilimo. Wasikilizaji? Mimi na kuku. Mama yuko shambani tangu saa 12! Mtaalamu akasema "tumieni dawa sahihi kwa wakati sahihi", likaja tangazo la dawa, muziki, kipindi kwisha.

Jamani, huko ndiko kuelimisha?

Kumbukeni yule mdudu wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014. Wakulima wa huku walimpa jina wenyewe: kantangaze. Yaani, nenda ukanitangaze! Kiwavi wake anajichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, dawa ya juu juu haimpati, na sumu nyingi ameshazizoea. Mkulima anayeambiwa "puliza" tu, anapuliza mpaka hela inaisha na nyanya zinaoza. Mtego wa kunasia nondo dume nani atamwelekeza?

Na msiniletee habari za YouTube, simu ya mama ni kitochi.

Wekeni kipindi usiku, watu wakiwa jikoni. Mkulima apige simu, aulize, ajibiwe hapo hapo na mtu asiyeuza dawa. Sisi wa ualimu, ukiongea kipindi kizima bila kuruhusu swali, mkaguzi anakukata maksi. Redio nani anaikata?

Ngoja niwahi ugali, foleni imeanza.