TAIRI ZA PIKIPIKI YETU

Ndugu wanaushirika,

Pikipiki yetu inataka tairi mpya. Vijana wanasema zinunuliwe za kashata kubwa, eti ndizo za pikipiki ya safari. Sisi tunasema hapana! Maziwa yetu yanapita lami karibu njia yote. Kashata kubwa huliwa upesi na lami, na mvua ikinyesha hazishiki vizuri. Katibu wetu alianguka nazo pale konani; maziwa yakamwagika, mguu ukavunjika.

Tununue za lami. Wakati wa masika, kile kipande cha matope tubebe madumu wenyewe mpaka barabarani. Tena tusiuziwe zilizokaa dukani miaka: tusome tarakimu 4 ubavuni. 3524 ni wiki ya 35, mwaka 2024.

Roho ya mtu kwanza, mbwembwe baadaye!