PICHA ILIYO WAZI SI LAZIMA IWE SAHIHI

Mvua kubwa inaponyesha usiku huko Nateete, mfereji wa Nalukolongo hufurika, na askari huitwa kuokoa watu. Katika kazi hiyo, kukosea mahali kwa mita 300 kwaweza kuwafikisha askari ng'ambo moja ya mfereji, ilhali wanaoomba msaada wako ng'ambo ya pili. Ndiyo maana leo twapenda kuwakumbusha wanajeshi na polisi wetu jambo ambalo wengi hulisahau: picha ya setilaiti yaweza kuwa wazi kabisa, na bado ikakosea mahali.

Uwazi na usahihi ni mambo mawili mbalimbali. Setilaiti ya QuickBird, iliyorushwa mwaka 2001, iliweza kupambanua vitu vya sentimita 61, hata magari yakahesabika barabarani. Lakini picha zake, zisiposahihishwa kwa alama za ardhini, ziliweza kukosea mahali kwa mita 23 hivi. WorldView-3, iliyorushwa mwaka 2014, ilipunguza kosa hilo hadi chini ya mita 5, lakini kwa ardhi tambarare. Kampala ni mji wa vilima. Setilaiti ikipiga picha kwa kuelemea upande nyuzi 30, kosa la mita 20 katika kimo cha kilima husogeza kilele chake zaidi ya mita 11.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, hutokana na sisi tunaosoma. Ramani za zamani za Uganda za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Picha za setilaiti na vyombo vya GPS hutumia kwa kawaida msingi wa WGS 84. Namba zile zile za mahali, zikisomwa kwa misingi hii miwili, huonyesha sehemu mbili zilizoachana kwa mita 300 hivi. Juu ya karatasi ni milimita 6 tu; Nateete ni mtaa mwingine.

Dawa yake si ghali. Kwanza, kila atoaye namba za mahali kwa redio autaje na msingi wake. Pili, kila kituo kichague alama chache zisizohama, kama vile daraja, njia panda, na mahali reli inapokata barabara; alama hizo zipimwe kwa uangalifu, na picha ilinganishwe nazo kabla ya kutumiwa. Tatu, makamanda washirikiane na wapima ardhi wa Serikali walioko Entebbe, kwani hiyo ndiyo kazi yao.

Askari hapigi shabaha kwa bunduki ambayo hajairekebisha. Picha nayo ni chombo cha kazi, na yahitaji kurekebishwa vivyo hivyo. Kuuliza si ujinga. Heri dakika moja ya kuuliza, "Namba hizi ni za msingi gani?" kuliko saa nzima ya kuwatafuta wenye shida mahali wasipokuwapo.