Mwanafunzi wa Usanifu Aanzie Kiwanjani

Mwanafunzi wa usanifu majengo akipewa karatasi nyeupe na vipimo vya kiwanja asichopata kukikanyaga, kisha akaamriwa asanifu skuli au soko, hana budi kuazima, na aghalabu atakachoazima ni sura ya jengo la vioo lililobuniwa kwa nchi za baridi, ambako watu hulitafuta jua badala ya kulikimbia. Matokeo yake twayaona Dar es Salaam, katika maghorofa yaliyoelekeza vioo vyake magharibi pasi na kivuli, ambayo umeme ukikatika ndani hamkaliki. Rai yangu, nami naishikilia kwa dhati, ni kwamba mtihani wake wa kwanza uwe wa kupima na kueleza alichokikuta mahali, kabla ya kuulizwa atajenga nini.

Na apelekwe Lamu, aingie nyumba ya kale ya mawe na utepe wa kupimia mkononi. Atakuta vyumba virefu vyembamba, ambavyo upana wake ni takriban mita tatu au pungufu, na huenda akadhani waliojenga walikuwa na dhiki ya nafasi. Lakini akiinua macho darini ataziona boriti za mkoko, atambue kwamba urefu wa mti uwezao kuhimili uzito wa mawe na chokaa ndio uliokata shauri la upana wa chumba. Atazipima kuta nene za matumbawe, zichelewazo kupata moto wa mchana. Atasimama katika kiwanda, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu, utiao mwanga na hewa katika nyumba ambayo upande wa njia imejifunga kwa ajili ya sitara ya wenyewe. Kisha ataketi barazani, katika daka la mlango, mahali ambapo mgeni hukirimiwa pasipo kuvuka faragha ya nyumba.

Wako watakaodhani nataka Lamu inakiliwe kila mji. Hasha! Msanifu majengo Beda Amuli, alipolisanifu Soko la Kariakoo la Dar es Salaam katika miaka ya 1970, alitumia zege wala hakuiga nyumba yoyote ya kale. Lakini mapaa yake, mfano wa miavuli iliyopinduliwa, yaliwapa wachuuzi kivuli, yakapisha upepo, yakakinga na maji ya mvua.

Gharama za safari ni udhuru wa kweli, walakini kiwanja kilicho jirani na chuo nacho chafaa, maadamu mwanafunzi atasimama hapo adhuhuri, amuulize mama lishe kwa nini huhamisha meza yake alasiri, arejee wakati wa masika aone maji yashika njia gani. Kwa kazi hiyo apewe nusu ya alama zote za mwaka wa kwanza, na katika baraza la watahini, kando ya maprofesa, aketi fundi mwashi mwenye haki kamili ya kuuliza na kukataa.