Mjumbe Hauawi, Je Mwenyeji? Kiswahili Mbele ya Balozi wa Sayari ya Gethen

Wahenga walilonga kuwa mjumbe hauawi. Methali hii imebeba sheria kongwe ya mahusiano baina ya mataifa: anayetumwa huwa amebeba maneno ya mwingine, na mwili wake ni amana mikononi mwa wale anaowaendea. Hata hivyo, methali yenyewe imenyamaza kuhusu mwenyeji anayempokea mjumbe huyo na kumwamini. Je, naye hauawi? Swali hili ndilo lililonielekeza kwenye riwaya ya The Left Hand of Darkness, yaani mkono wa kushoto wa giza, iliyoandikwa na Mmarekani Ursula K. Le Guin na kuchapishwa mwaka wa 1969. Riwaya hiyo ilituzwa Nebula na Hugo, tuzo mbili kubwa za bunilizi ya kisayansi. Hoja ninayonuia kuitetea katika makala haya ni kwamba kisa cha balozi anayeishi ugenini miongoni mwa viumbe wa sayari nyingine ni kisa cha lugha kabla ya kuwa kisa cha vyombo vya angani. Kwa sababu hiyo, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna haki, na pia wajibu, wa kukisoma, kukihakiki na kukitafsiri.

Kwa muhtasari, kisa chenyewe ni hiki. Genly Ai, mwenyeji wa dunia yetu na mtu mweusi, ametumwa na muungano wa sayari zaidi ya 80 uitwao Ekumen. Ametumwa peke yake katika sayari ya Gethen, ambayo ni ya baridi kali na barafu, awashawishi wakazi wake kujiunga na muungano huo. Wenzake wamelala usingizi mzito ndani ya chombo kilicho mbali angani, wakisubiri awaite. Wagethen wana asili moja na binadamu wengine, ila wametofautiana nao kwa jambo moja kubwa: hawana mume wala mke. Kwa muda wa takriban siku 21 au 22 za mwezi wao, kila mtu hana jinsia. Siku chache zinazosalia mwili hugeuka, mtu akawa wa kike au wa kiume, wala hachagui. Aliyewahi kuzaa kwa tumbo lake anaweza kesho akawa baba wa mtoto wa mwingine. Katika nchi ya Karhide, balozi huyu hapati sikio la mfalme Argaven, na hamwamini waziri mkuu Estraven, ambaye ndiye pekee anayemtakia heri. Estraven anatangazwa kuwa msaliti na kufukuzwa nchini. Genly Ai anakimbilia nchi jirani ya Orgoreyn, anakirimiwa kwa vyakula na maneno matamu, kisha anatupwa katika kambi ya wafungwa. Anayemwokoa ni yule yule Estraven, nao wawili wanavuka nyika ya barafu kwa zaidi ya siku 80 wakikokota mizigo yao.

Sasa tutazame tatizo la lugha. Kiingereza hakimruhusu msimulizi kumrejelea mtu kwa kiwakilishi cha umoja pasipo aghalabu kumtia katika kapu la wanaume au la wanawake. Le Guin alichagua kiwakilishi cha kiume kwa Wagethen wote. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Kiingereza, hata anapoelezwa waziwazi kuwa Estraven si mwanamume, huendelea kumwona mwanamume kichwani mwake. Riwaya yenyewe inalitambua jambo hili. Katika sura mojawapo, mpelelezi wa awali aliyewachunguza Wagethen anakiri kuwa matumizi ya kiwakilishi hicho humsahaulisha kila mara kwamba anayezungumza naye si mwanamume. Wahakiki, hasa wa mwelekeo wa ufeministi, walimlaumu mwandishi. Mnamo 1976 alijitetea katika insha, lakini baadaye akairejelea insha hiyo na kuukosoa msimamo wake wa awali. Aidha, alipoichapisha upya hadithi yake fupi kuhusu sayari hiyo hiyo katika mkusanyiko wa 1975, alitumia viwakilishi vya kike huku akiacha cheo cha mfalme kama kilivyokuwa. Huyu ni mwandishi aliyeshindana na sarufi ya lugha yake kwa miaka mingi.

Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza katika idara zetu atatambua mara moja kwamba sarufi ya Kiswahili haina ugomvi huo. Ngeli ya A-WA haiulizi jinsia ya mtu. Tukisema, "Waziri aliamka, akavaa koti lake, akamtazama mgeni wake, kisha akaondoka bila kumuaga," hatujatoa siri yoyote kuhusu mwili wa waziri. Yeye ni yeye. Tunaweza kusimulia kurasa mia tatu kwa namna hiyo pasipo kumlazimisha msomaji kuchagua.

Faida ya jambo hili si ya kisarufi tu; ni ya kifani na kimaudhui. Genly Ai ni msimulizi mwenye chuki ndogondogo asizozitambua. Kila anaposhindwa kumwelewa Estraven, yeye husingizia ulaini na hila anazozihusisha na wanawake. Katika Kiingereza, chuki hiyo hujificha nyuma ya kiwakilishi, kwani msomaji naye tayari amekwisha kumgawia Estraven jinsia. Katika Kiswahili, kila neno la "kike" au "kiume" litakalotajwa litakuwa limetoka kinywani mwa balozi mwenyewe, bila kusaidiwa na sarufi. Upofu wake utabaki uchi. Tafsiri ya Kiswahili basi inaweza kuwa na makali zaidi ya matini chanzi katika kipengele ambacho ndicho kiini cha riwaya.

Hata hivyo, tusiharakishe kupiga vigelegele. Wapo wanaodai kwamba lugha zetu za Kibantu ni lugha za usawa kwa kuwa viwakilishi vyake havibagui. Dai hili ni la kujipendekeza. Hebu tuendelee na tafsiri hiyo ya kudhaniwa mpaka tufike mahali ambapo Wagethen wawili wanawekeana nadhiri ya kuishi pamoja maisha yao yote. Nani ameoa, nani ameolewa? Hapa Kiingereza hupita bila kujikwaa, maana kitenzi chake ni kimoja kwa wote. Kiswahili ndicho kinachopiga mwereka. Kitenzi chetu kimeitia kauli ya kutenda upande wa mume na kauli ya kutendwa upande wa mke, hivi kwamba mofolojia yenyewe imekuwa hakimu wa nani mtendaji na nani mtendwa katika ndoa. Vivyo hivyo, riwaya inatuarifu kwamba mfalme ana mimba. Tukiandika "mfalme ni mjamzito", msomaji wetu atashtuka sawasawa na yule wa Kiingereza, kwa sababu neno mfalme limekaa mkabala na malkia. Yako pia maneno kama vile bwana na bibi, shangazi na mjomba, ambayo yamefungia ndani yake jinsia na upande wa ukoo kwa pamoja. Jinsia tuliyodhani haimo katika lugha yetu kumbe imehamia katika ndoa na ujamaa.

Je, hapo tafsiri imekufa? La hasha. Kiswahili hicho hicho kina kauli ya kutendana. Wawili hao "walioana", na hakuna anayeachwa akiwa mtendwa. Kina neno mzazi, ambalo halibagui baba wala mama. Kina mwenzi, ndugu na mheshimiwa. Mfasiri makini atajua wapi ayatumie maneno hayo kwa ulaini, na wapi aache mshtuko wa "mfalme ni mjamzito" ufanye kazi yake, kwa kuwa mshtuko huo ni sehemu ya maana. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mjadala wetu kuhusu uwezo wa Kiswahili katika sayansi umekuwa kwa muda mrefu mjadala wa istilahi: tukiite nini kifaa hiki, tukikopee wapi neno lile. Kuunda istilahi ni kazi njema. Lakini jina la chombo cha angani ni jambo linaloweza kumalizwa mchana mmoja. Mtihani mgumu zaidi ni kuijua lugha yetu inatulazimisha kusema nini hata pale ambapo hatukukusudia kukisema, na mtihani huo huonekana vizuri zaidi tunapokutanisha Kiswahili na jamii ambayo haijawahi kuwepo.

Kuna jambo lingine ambalo msomaji wa Kiswahili huenda akalielewa upesi kuliko balozi mwenyewe. Wagethen huongozwa na kanuni ya heshima iitwayo shifgrethor. Kwao, kumpa mtu mzima ushauri wa waziwazi ni kumvunjia hadhi. Estraven alimwonya Genly Ai mapema, ila kwa njia ya kuzungukazunguka, na balozi akaona ni unafiki. Kwetu tunasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Aliyekulia katika utamaduni ambamo ujumbe mzito hupitishwa katika ushairi wa mafumbo au jina la kanga atang'amua kuwa waziri alisema yote yaliyohitaji kusemwa, na kwamba upungufu ulikuwa wa masikio. Genly Ai aliijua lugha ya Karhide lakini hakuyajua mazungumzo yake.

Turejee kwa mwenyeji. Baada ya safari ya barafu, Estraven anapigwa risasi na walinzi wa mpakani akijaribu kutoroka kwa mara nyingine. Genly Ai, aliyekuwa ameahidi kwamba hangekiita chombo chake kitue kabla ya kulisafisha jina la rafiki yake, anakiita, na Karhide inakubali kujiunga na muungano. Ubalozi umefaulu, ahadi imevunjwa. Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Gethen mgeni alikuja, mwenyeji akafa, na jina lake likabaki la msaliti. Kwa maoni yangu, hapa ndipo riwaya hii inapozipita hadithi nyingi za sayari ngeni. Inamkumbusha kila apelekaye maneno kutoka jamii moja hadi nyingine, awe balozi, mfasiri, mmisionari au mtafiti anayekwenda nyanjani na kinasa sauti, kwamba gharama ya ujumbe wake mara nyingi hulipwa na yule aliyemfungulia mlango. Le Guin alikuwa binti wa mwanaanthropolojia Alfred Kroeber, na hapana shaka swali la mtafiti na mwenyeji wake halikuwa geni nyumbani kwao. Sisi tunaokusanya fasihi simulizi vijijini, kisha tukarudi chuoni na shahada, tunapaswa kulisoma swali hilo kama linalotuhusu.

Nafahamu pingamizi litakalotolewa. Litasemwa kwamba utanzu huu si wetu, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anayehangaika na sayari za barafu ameyaacha ya nyumbani. Wenye kauli hiyo wamemsahau Katama Mkangi. Katika riwaya yake ya Walenisi, ya mwaka wa 1995, Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, anasafirishwa kwa chombo cha angani na kujikuta katika sayari yenye jamii ya haki na usawa. Jina lenyewe la sayari hiyo, ukilitenganisha, husomeka "wale ni sisi". Dzombo hakutumwa kama balozi, alitumwa afe. Lakini yeye na Genly Ai wamefanya kazi moja: kuwatazama wengine mpaka wakajiona wenyewe. Genly Ai, wenzake wanaposhuka hatimaye kutoka angani, anawaona wao ndio wageni, na sauti zao zinamkera. Mkangi alilisema hilo kwa maneno matatu yaliyounganishwa kuwa neno moja.

Napendekeza basi mambo mawili. Kwanza, kozi zetu za tafsiri zichukue sura teule za bunilizi ya kisayansi kama matini za mazoezi, hasa zile zinazohusu ndoa, ukoo na heshima, ambako lugha hubanwa ikatoa siri zake. Pili, kozi za riwaya ziisome Walenisi sambamba na kazi kama hii ya Le Guin, badala ya kuiacha kama kioja pembezoni mwa orodha. Anayedhani kwamba hayo ni anasa na ajaribu kwanza kutafsiri sentensi moja tu ya ndoa ya Wagethen. Nina hakika kabla hajafika nukta atakuwa amegundua jambo kuhusu Kiswahili ambalo hakulikuta katika kitabu chochote cha sarufi.