Nusu Saa ya Angani

Majuzi kazi ilinipeleka Mkwiro, kijiji kilichoko upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini. Nilivuka kwa mashua kutoka Shimoni, nikawakuta wazee na vijana barazani wakibishana: je, kutoka Pemba hadi Unguja kwa ndege ni mwendo wa muda gani? Kijana mmoja akasema, "Nusu saa tu." Mzee mmoja akamjibu, "Mwanangu, nusu saa hiyo ndiyo iliyonikosesha maziko ya dada yangu." Sote tukanyamaza.

Kwanza tuitazame hesabu ya kijana. Kutoka kiwanja cha ndege cha Pemba hadi kile cha Unguja, kilichopewa jina la Abeid Amani Karume mwaka 2010, ni kadiri ya kilomita 125, yaani maili 78, kwa mstari ulionyoka. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa huzimaliza kwa dakika 25. Ongeza dakika chache za kupaa na kutua, utapata nusu saa. Kijana hakukosea.

Sasa tuisikilize hesabu ya mzee. Alikuwa Konde, kaskazini ya Pemba, kwa wakwe zake, alipopata habari alfajiri kwamba dada yake amefariki Unguja na atazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Akasema moyoni, "Njia ni ya nusu saa." Akaoga, akala, akaaga nyumba baada ya nyumba. Hakukumbuka kwamba kutoka Konde hadi kiwanjani, karibu na Chake Chake, ni kadiri ya saa nzima kwa gari. Wala kwamba abiria hutakiwa kufika mapema ili mizigo ipimwe. Alipofika, viti vya asubuhi vilikwisha. Akapanda ndege ya alasiri, akakuta watu wamekwisha rudi makaburini.

Sisi wa pwani ya kusini yatupasa kulifikiri sana jambo hili, maana wengi wetu tuna jamaa Pemba. Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa hicho, iko kama kilomita 40 tu kutoka Mkwiro, karibu kuliko Mombasa. Lakini kati yetu pana bahari yenye kina kirefu na mpaka wa nchi mbili, na msafiri sharti apite kwa maofisa wa uhamiaji.

Basi, ndugu zangu, atakaye kusafiri na ahesabu mambo manne: kwenda kiwanjani, kungoja, kuruka, na kutoka kiwanjani hadi aendako. Kwa mzee wetu ingekuwa saa moja, na saa moja tena, na nusu saa, na nusu saa nyingine: jumla saa tatu. Lau angaliinuka alfajiri ile ile, pengine angaliwahi. Msiba haumngoji mtu. Aijuaye hesabu huondoka papo hapo.