Koili Haina Kesi, Mita Ndiyo Ina Kesi

Kama umepanga chumba hapa Garissa, ile karatasi ya ukutani pengine unaijua: hakuna hita, hakuna pasi, hakuna jiko la stima. Juzi keateka wa ploti yetu aligonga mlango mmoja mmoja akitafuta koili, utadhani anatafuta bangi. Akabeba mbili. Walahi mimi nimechoka na hii siasa.

Tupige hesabu kwanza. Koili ndogo ya wati 1000 ikiwaka saa nzima inakula uniti moja. Chai ya lita moja ni kama dakika kumi, yaani sehemu ya sita ya uniti. Kukaanga mayai, suqaar kidogo, kupasha wali wa jana, zote ni za dakika chache. Maharagwe ni hadithi nyingine, hayo yatakumalizia tokeni ukiangalia. Na anjera kwa koili ndogo, pole: katikati inaungua na pembeni bado ni uji.

Sasa angalia kile wanachoturuhusu: makaa. Chumba kimoja cha mabati, joto la Februari ambalo hata feni inakupulizia moto, halafu uingize jiko ndani kwa sababu ni usiku na nje kuna upepo. Ile hewa mbaya ya makaa, kaboni monoksidi, haionekani wala hainuki, na inaua mtu akiwa amelala. Sijawahi kuona karatasi ya ukutani inayokataza hiyo.

Mwenye ploti atakwambia koili inamaliza stima ya wenzako. Hapo ana pointi, lakini nani aliweka vyumba kumi kwa mita moja? Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya stima ni ya mteja asiyepita uniti 30 kwa mwezi. Zamani ilikuwa 100. Wewe peke yako, na balbu, simu na chai yako, unaweza kubaki chini ya 30. Vyumba kumi vikijumlishwa vinapita hata 100, na nyote mnalipishwa bei ya juu, hata yule ambaye hajawahi kushika koili. Halafu mnaanza kuchunguzana ni nani anapika nini.

Kuhusu moto, sitabishana naye. Koili ya wati 2000 inavuta ampia 8 hivi, na ukiichomeka kwa ile ekstensheni nyembamba pamoja na friji na TV, waya unapata joto hadi plastiki inayeyuka. Ichomeke moja kwa moja ukutani. Usiiweke juu ya mkeka, na usikoroge na kijiko cha chuma ikiwa imewaka na waya wake uko wazi. Lakini hiyo ni sababu ya kuweka waya mzuri, si ya kupekua vyumba vya watu.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki: hapa hapa Garissa tuna kile kiwanda cha sola cha megawati 50, kilichofunguliwa na Uhuru Desemba 2019. Najua stima yake inaingia gridi ya taifa, na najua maghrib ikifika jua limeshaenda na watu ndio wanaanza kupika. Bado inachekesha, jua letu linapikia watu Nairobi na sisi tunaficha koili chini ya ndoo.

Kwa hivyo walaal, ukienda kuangalia chumba, usiulize maji na choo peke yake. Uliza mita ni ya nani. Sabmita inasaidia kila mtu alipe alichotumia, lakini mita kubwa ikibaki moja, ile bei ya juu haiendi mahali. Mita ya Kenya Power ya chumba chako mwenyewe ndiyo inakurudishia zile uniti 30. Uliza kabla hujalipa dipoziti.