Kupendekeza Vitabu Vipya kwa Watoto: Wajibu wa Mwalimu

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika habari ya vitabu vya watoto methali hii haitusaidii sana. Kitabu kizuri kilichofungiwa kabatini katika ofisi ya mwalimu mkuu hakijiuzi kwa mtu yeyote. Mtoto wa shule ya msingi hapati orodha za wachapishaji, wala hana fedha za kwendea dukani. Anayeweza kumjulisha kwamba kitabu fulani kimetoka, na kwamba kinamfaa yeye, aghalabu ni mwalimu wake. Kwa hiyo kupendekeza vitabu ni sehemu ya ualimu, na yafaa mwalimu-mwanafunzi ajifunze kazi hiyo angali chuoni.

Kwa watoto wadogo hali si mbaya kama ilivyokuwa zamani. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, uliwahimiza waandishi, wachoraji na wachapishaji kutoa hadithi fupi za Kiswahili zenye picha. Shirika la Room to Read nalo limetoa hadithi za madarasa ya mwanzo. Tatizo limebaki kwa mtoto wa miaka 10 hadi 13. Hadithi yenye sentensi moja katika kila ukurasa haimtoshi tena, na riwaya ya watu wazima bado inamshinda. Hapo katikati, wengi huachiwa kitabu cha kiada peke yake, nacho husomwa kwa ajili ya mtihani.

Pengo hili lina madhara makubwa. Katika shule za msingi za serikali, mtoto hufundishwa kwa Kiswahili. Akiingia sekondari, hukutana na masomo mengi kwa Kiingereza. Basi miaka ya madarasa ya juu ya shule ya msingi ndiyo nafasi yake ya kusoma kitabu kizima kwa lugha anayoimudu, akivutwa na hadithi mpaka mwisho. Asipoionja raha hiyo wakati huo, huenda akaendelea kuona kwamba kusoma ni adhabu ya shule, na akiachana na shule ataachana na vitabu pia.

Mwalimu achague kwa kigezo gani? Desturi yetu ni kuuliza kwanza, "Kitabu hiki kina funzo gani?" Mimi naona swali hilo halistahili kutangulia. Hekaya za Abunuwasi zimependwa na vizazi vingi vya wasomaji, na Abunuwasi mwenyewe si kielelezo cha tabia njema kila siku. Anapendwa kwa sababu ni mjanja, na msomaji anataka kujua atajinasua vipi. Swali la kwanza liwe hili: je, mtoto akimaliza ukurasa huu, atataka kuufunua unaofuata?

Tena, tusidanganywe na neno "kipya". Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora ilitoka mwaka 2001, na Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba mwaka 2008. Kwa mtoto ambaye hajapata kuviona, vitabu hivyo ni vipya kabisa, navyo vinamhusu msomaji wa umri huu tunaomzungumzia.

Katika kutekeleza kazi hii, napendekeza mambo manne. Kwanza, mwalimu asipendekeze kitabu asichokisoma chote. Jalada na jina la mwandishi havitoshi. Pili, asome ukurasa mmoja kwa sauti akiwa peke yake. Mazungumzo ya wahusika yakiwa magumu kutamkika, au maneno mageni yakisongamana katika aya moja, ajue kwamba mtoto atachoka upesi. Tatu, awe na daftari dogo la kuandikia jina la kitabu, aina ya mtoto kinayemfaa, na sababu. "Kinafaa darasa la tano" ni maneno matupu; "kinamfaa mtoto apendaye safari na asiyeogopa kitabu kirefu" ni pendekezo. Nne, darasa likiwa na nakala moja tu, asome sura ya kwanza mbele ya wanafunzi, akomee mahali penye shauku, kisha nakala izunguke kwa zamu. Watakaomaliza wawaeleze wenzao, bila kufichua mwisho, kwa nini wakisome au wasikisome.

Wako watakaosema kwamba muhtasari wa masomo ni mrefu na wanafunzi ni wengi. Ni kweli. Lakini dakika kumi za kusomewa hadithi mara mbili kwa wiki haziharibu ratiba, na mtoto asomaye kwa hiari hujipatia msamiati ambao mwalimu angetumia vipindi vingi kuufundisha. Wengine watahofia maadili. Mwalimu aliyekisoma kitabu chote ndiye anayeweza kujua kama kina jambo lisilomfaa mtoto. Asiyesoma hubaki kukisia tu.

Basi, ndugu mwalimu-mwanafunzi, kabla hujaenda kwenye mazoezi ya kufundisha, soma vitabu vitatu vya watoto, uviandike katika daftari lako. Ukifika shuleni, omba ufunguo wa kabati.